Mikono ya Shangazi Haikuchoka

Tarehe thelathini ya mwezi Juni, mwenzetu tunayemwita Shangazi atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha ngisi, na kuwa mstaafu. Atakuwa ametumikia kituo chetu cha utafiti wa bahari kwa miaka thelathini na sita, yote katika chumba kimoja na mbele ya meza moja. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa sababu mimi ndiye niliyemwajiri, na kwa sababu, kama katibu wa kamati alivyoniambia bila kuzunguka, "Mzee, wewe ndiye mwenye nafasi." Nafasi ninayo kweli. Daktari wangu ameacha kuniandikia dawa za kuponya, sasa ananiandikia za usingizi. Ninaandika mistari michache asubuhi, mingine baada ya chai, na mkiona aya imekatika ghafla mjue mwandishi alilala.

Kwa wenzetu wa uhasibu, wa getini na wa bustani, ambao miaka yote wamepita mbele ya chumba kile wakiziba pua, naomba nieleze kidogo kinachofanyika humo. Ngisi akishtuka hukimbia kinyumenyume kwa kurusha maji. Ili mwili wake wote ubane kwa wakati mmoja, amepewa neva nene ajabu, ambayo ukiitoa unaiona kwa macho matupu, kama uzi wa kushonea viatu. Mahali neva moja inapokutana na nyingine, hazigusani. Pana upenyo mdogo sana katikati, na ujumbe sharti uuvuke. Makutano hayo ndiyo sinapsi. Katika miili yetu sinapsi ni ndogo mno, huwezi kuingiza chombo pande zote mbili. Ya ngisi ni kubwa. Unachoma sindano nyembamba ya kioo upande ambao ujumbe unatokea, unachoma nyingine upande ambao unafikia, halafu unasikiliza, kama mpangaji wa chumba cha kati anavyosikia jirani wa kushoto akiuliza na wa kulia akijibu.

Lakini kwanza uitoe ikiwa hai. Ngisi akishatolewa majini hana subira na mtu. Upasue mwili, uondoe ule mfupa wake laini kama plastiki, ufike kwenye fundo la neva lililokaa kama nyota, na kisha, chini ya hadubini, uchambue ngozi juu ya ngozi bila kuvuta. Ukivuta tu, umeua. Neva iliyovutwa haitoi damu wala sauti. Inakaa pale inang'aa vizuri, nawe unapoteza mchana mzima ukizungumza na maiti. Kazi hiyo ndiyo Shangazi ameifanya kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na kwa miaka mingi utafiti wote wa chumba kile umesimama juu ya vidole vyake kumi.

Alikuja kwetu akiwa msichana mwenye shahada mpya ya elimu ya wanyama. Nilikuwa na mtihani wangu wa usaili ambao wenzangu waliuona wa kijinga. Nilimpa kila mwombaji yai bichi, nikamwambia alimenye ganda lote bila kutoboa ile ngozi ya ndani. Waombaji wengine waliondoka wakinawa mikono. Yeye aliliinamia muda mrefu, akanirudishia yai laini, jeupe, linalotikisika ndani ya ngozi yake, akauliza, "Na kulipika ni sehemu ya mtihani?" Alianza kazi wiki iliyofuata.

Siku yake ya kwanza ngisi mmoja alimtemea wino usoni na kwenye koti jipya. Tulisubiri apige kelele. Alijifuta macho, akamtazama yule ngisi, akasema, "Haya, tumefahamiana."

Jina la Shangazi hakulipata kwa umri. Alilipata mwaka wake wa pili, tulipotembelewa na profesa mgeni, mtu mzito, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Profesa aliegemea meza ya hadubini akimhadithia habari za safari zake. Msichana wetu hakuinua kichwa. Alisema tu, "Toa kiwiko mezani kwangu." Profesa alikitoa. Baadaye alininong'oneza, "Ile ni sauti ya shangazi yangu kabisa. Nimetii kabla sijafikiri." Jina likaganda. Leo hata mkurugenzi wetu, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake, akiingia chumba kile huweka viwiko nyuma.

Ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kitambaa chekundu. Kitambaa kikining'inia kwenye kitasa, sindano inaingia, na hakuna kuingia, kuongea wala kuburuta kiti. Wafanyakazi wa zamani watakumbuka mheshimiwa mmoja aliyekuja kukagua kituo akakuta kitambaa mlangoni. Alisimama na msafara wake, akamuuliza mlinzi kwa sauti ya chini, "Kuna upasuaji humo?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amekwisha kufa, mheshimiwa. Ila neva yake ni nzima."

Nimeambiwa mheshimiwa alivua kofia.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa na utani wake. Mumewe alikuwa fundi saa, mwenye duka dogo na miwani ya jicho moja, kwa hiyo ni nyumba ya watu wawili ambao siku nzima wametazama vitu vidogo na jioni hawaoni chumvi iko wapi mezani. Msimu wa ngisi ukianza mke hutoka alfajiri na kurudi amechoka hoi. Shemeji alikuwa akituambia, "Mshindani wangu ana mikono kumi. Nitamweza wapi?" Nyama iliyobaki baada ya kazi ilikuwa ikigawiwa kwa wafanyakazi. Shangazi hajawahi kuionja. Alisema hawezi kumla mtumishi mwenzake. Lakini mume alikuwa akichukua fungu lake bila kukosa, na akimaliza kula alipangusa mdomo na kusema, "Mmoja kapungua."

Katika kazi, mchango wake ni mkubwa kuliko nafasi niliyopewa na kamati. Alipokuja, neva tulizotoa zilikuwa zikifa kabla ya chakula cha mchana. Yeye ndiye aliyebuni namna ya kuingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa damu wa fundo lile na kupitisha maji ya bahari yenye hewa, polepole, hata neva ikaishi mpaka jioni. Vituo vingine viliiga. Aliandika udaktari wake juu ya jambo hilo huku akilea watoto wawili, na siku ya kuutetea alichelewa kufika kwa sababu siku hiyo ngisi walikuwa wazuri. Amefundisha wapasuaji ambao leo wako katika maabara za watu wengine. Nikikutana nao, kila mmoja ananiambia kwamba bado anamsikia Shangazi begani akisema, "Usivute. Nimesema usivute."

Swali lake, lile lililomkalia kichwani miaka yote, lilikuwa juu ya uchovu. Ukituma ujumbe mmoja, sinapsi inaupitisha. Ukituma mwingine, inaupitisha. Ukituma mfululizo, haraka haraka, inafika mahali inachoka. Ujumbe unafika ukingoni, mzima kabisa, lakini ng'ambo hakuna anayeitika. Uiache kidogo, inarudi. Sasa ni nini kilichoisha? Je, ghala la kemikali inayobeba ujumbe ng'ambo limebaki tupu, au ghala limejaa ila mlango wa kutolea umekwama? Wataalamu wamegawanyika. Shangazi alitaka kulijibu kwa ngisi wetu, kwa njia yake, na alikuwa karibu. Aliwahi kuniambia, "Mzee, kuchoka kila mtu anakujua. Hakuna anayejua kinachoisha."

Kabla ya msimu huu kuanza aliandika ombi la kuongezewa miaka miwili ya kazi ili alimalize swali hilo. Misimu miwili ingemtosha. Hakuna aliyedhani ombi hilo litakataliwa, naye hakudhani.

Hapa ndipo inapobidi niandike mambo ambayo kamati haikuniagiza.

Mtakumbuka kwamba mwaka huu bandarini walikuwa wakichimba, na maji tunayoyavuta kutoka baharini yakawa ya tope. Ngisi kwenye matangi waliyavumilia, maana yalichujwa, lakini chini ya hadubini yalikuwa kama uji. Ikaamuliwa kwamba maji ya kuogeshea neva tuyachanganye wenyewe, kwa chumvi za dukani, kila asubuhi. Kazi hiyo ilipewa mwenzetu tunayemwita Fundi Maji, mtu makini, mcheshi, ambaye hata sukari ya chai huipima.

Msimu ukaanza, na neva za Shangazi zikaanza kukataa. Alitoa ya kwanza, ikawa safi kwa kuitazama. Akachoma sindano zote mbili. Ujumbe ulifika ukingoni, mlima mzuri kwenye skrini. Ng'ambo palinyanyuka kitu kama pumzi ya mtu aliyelala, basi. Akatoa ya pili, hivyo hivyo. Akabadilisha sindano, akabadilisha taa, akabadilisha kiti. Wiki ikapita, kisha nyingine. Kila siku ngisi wanaletwa, kila siku neva inauliza, na kila siku ng'ambo hakuna anayejibu.

Watu wa kituo hiki si wabaya, lakini vinywa wanavyo. Kwenye korido, kwenye ngazi, mezani wakati wa chai, maneno yakaanza.

"Mikono ya Shangazi imegoma."

"Umri huo, ndugu yangu. Utafanyaje?"

"Anavuta bila kujua."

Kwamba anavuta! Katika chumba kile hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Naye alilisikia, maana kitambaa chekundu kinazuia watu kuingia, hakizuii maneno.

Siku moja katikati ya msimu alikuja nyumbani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya ngisi wakiwepo. Hakukaa. Aliweka mikono yake miwili juu ya shuka langu, penye mwanga wa dirisha.

"Iangalie, Mzee. Inatetemeka?"

"Haitetemeki."

"Angalia vizuri. Wewe huna sababu ya kunionea haya."

Nikaangalia. Mikono mikavu ya mtu anayeshinda kwenye maji ya chumvi, kucha fupi, kovu la kioo kidoleni. Ilikuwa imetulia kama imepigiliwa.

"Haitetemeki," nikasema tena.

"Basi inanidanganya," akasema, akaichukua akaondoka nayo.

Siku chache baadaye mkurugenzi alikuja. Alikaa ukingoni mwa kiti, bahasha mapajani. "Mzee, ombi lake ninalo hapa. Anataka miaka miwili. Wewe ndiye unayemjua. Nisaini?"

Nilimwambia, "Mwache apumzike."

"Ni mikono?"

Niligeuzia uso dirishani, naye akalichukulia hilo kama alivyotaka. Aliondoka na bahasha haijasainiwa.

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua nusu, kwa hiyo nayaeleza yote. Shangazi mwenyewe aliomba kituo jirani kimuazime mpasuaji, ili msimu usipotee. Akaja dada mmoja mwenye umri wa binti yake, mikono mipya, macho makali. Watu walijaa dirishani. Yule dada alifanya kazi safi sana, nami nimeambiwa Shangazi alisimama nyuma yake bila kutoa hata mguno. Sindano zikaingia. Ukingoni, mlima. Ng'ambo, pumzi ya mtu aliyelala.

Dirishani wakaanza kucheka, wengine kwa aibu. Yule dada akasema, "Labda nimevuta."

"Hujavuta," Shangazi akasema. "Nilikuwa nakuangalia."

Wakarudia na ngisi mwingine, na Shangazi akashika kisu mwenyewe. Wakiwa katikati maji ya kwenye sahani yalipungua, na Fundi Maji alikuwa ametoka kwenda kuchanganya mengine. Neva haiwezi kungoja ikikauka. Shangazi alichukua kikombe, akachota kwenye ndoo ambayo ngisi aliletwa ndani yake, maji yale yale ya bahari yenye tope, akamimina. Picha kwenye hadubini ikawa na ukungu. Yule dada akagusa swichi kutuma ujumbe, kwa mazoea tu.

Mlima ukasimama ukingoni, na papo hapo ng'ambo ukasimama mwingine, mrefu, uliochongoka, kama ule wa vitabuni. Akatuma tena. Ukasimama tena.

Hakuna aliyeshangilia. Shangazi aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akamwambia yule dada, "Niitie Fundi Maji. Mwambie aje na makopo yake yote."

Lilikuwa kopo la chumvi ya kalsiamu. Bila kalsiamu ndani ya maji, ujumbe hauvuki sinapsi, hilo tunalifundisha siku ya kwanza. Kopo lilikuwa na ufa kwenye kifuniko, nalo liliwekwa kwenye rafu iliyo juu ya birika la chai. Chumvi ile hunywa unyevu wa hewani kama sifongo, na ikinywa inakuwa nzito. Fundi Maji alikuwa akipima uzito ule ule wa kila siku, kwa uaminifu wake wote, lakini sehemu kubwa ya alichopima ilikuwa maji. Mnaweza kuuliza, upungufu huo tu ndio unyamazishe neva? Ndiyo. Kwenye sinapsi, ukipunguza kalsiamu kwa nusu, jibu halipungui kwa nusu, linaporomoka. Kila mmoja katika chumba kile alilijua hilo kwa moyo, wakiwemo wenye udaktari, na hakuna aliyelikumbuka, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaitazama mikono ya mwanamke wa miaka sitini.

Fundi Maji alilia, mtu mzima wa watu. Shangazi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, miguu imenyooka, amechoka kama aliyetoka shamba. Akamwambia, "Wewe umeninyang'anya mikono na wewe umenirudishia. Tumemaliza. Sasa niletee chai, na hilo birika ulihamishe."

Siku ile ile mkurugenzi alikuja kwangu karibu anakimbia. "Mzee, ilikuwa chumvi! Chumvi tu! Mikono ni mizima. Sasa nisaini?"

Nami nikasema yale yale. "Mwache apumzike."

Alinitazama. Nimemfundisha yeye pia, na nadhani aliamini kwamba mzee anayekaribia mwisho anaona kitu ambacho yeye hakioni. Akarudisha bahasha kwenye mkoba. Baada ya mwezi nafasi ya kazi ya Shangazi ikapelekwa idara ya mwani. Wenzangu wa mwani, sina ugomvi nanyi.

Sikuwa naona kitu chochote. Nilikuwa nasema kwa ajili yangu. Tangu ugonjwa uliponilaza kitandani, Shangazi hunitembelea kila Alhamisi ambayo si ya msimu. Huja na habari za kituo, hugombana na mimi juu ya majibu ya majaribio tuliyoyafanya wakati wa nywele nyeusi, na humenya matunda. Mpwa wangu anayenitunza hunicheka, "Mjomba, leo umechana nywele, bila shaka ni Alhamisi." Msianze kunong'ona. Mumewe naye huja, hukaa kwenye kiti cha dirishani na kusinzia na miwani usoni. Ni urafiki wa kazi, wa watu wawili ambao wametazama kitu kimoja kwa muda mrefu. Lakini ngisi wakianza, haji. Nikaangalia msimu ujao, nikaona kwamba kwa hali yangu ndio wa mwisho nitakaoufikia, kama nitaufikia, nikautaka uwe wangu. Nikachukua miaka miwili ya mtu mwingine nipate Alhamisi kadhaa.

Ningeweza kunyamaza nife na jambo hili, na wala lisingenisumbua sana, maana dawa za usingizi ni nzuri. Kilichonisumbua ni maneno ya kwenye korido. Mpwa wangu ana rafiki anayefanya kazi kwenu, na anayasikia. Watu walipoona Shangazi anaondoka licha ya habari ya chumvi, waliunganisha wenyewe. Kama mikono ni mizima, mbona hakuongezewa muda? Basi haikuwa chumvi peke yake. Basi wamemsitiri tu. Hata walioiona skrini kwa macho yao wanasema hivyo sasa.

Kwa hiyo Alhamisi moja, Shangazi akiwa ameketi kando ya kitanda ananimenyea chungwa, na fundi saa amelala kitini kwake, nilimwambia, "Ni mimi niliyemwambia asisaini."

Kisu kilisimama. "Mara ya kwanza au ya pili?"

"Zote mbili."

"Ya kwanza nakusamehe hapa hapa. Hata mimi nilidhani ni mikono." Alikuwa anaangalia chungwa. "Ya pili je?"

Nikamwambia, kama nilivyowaandikia hapo juu, labda kwa maneno machache zaidi.

Aliendelea kumenya. Aliondoa zile nyuzi nyeupe zote, moja moja, akatenganisha vipande bila kupasua hata kimoja, akavipanga kwenye sahani, akaiweka mahali mkono wangu unafika. Ndipo akasema, "Mzee, ungeniambia tu nije. Ningekuja hata ngisi wakiwepo."

Alimwamsha mumewe. Fundi saa aliuliza, "Tumekwisha ongea?" Akajibiwa, "Tumekwisha." Wakaondoka. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala hii iliyopita. Nilimwomba mpwa wangu amtumie ujumbe kumuuliza kama naruhusiwa kuyaandika haya kwenye karatasi ya sherehe, mbele ya watu wote. Jibu lilikuja na neno moja. "Andika."

Nimeandika. Nilijaribu pia kumwomba mkurugenzi arudishe nafasi ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa heshima kwamba haiwezekani tena, mtu wa mwani amekwisha ajiriwa na ana watoto. Sina cha kumrudishia Shangazi isipokuwa hili lililo kweli: tangu siku ya ndoo mpaka ngisi wa mwisho wa msimu, hakuna neva hata moja iliyofia mikononi mwake. Yule dada wa kituo jirani alikuwepo, muulizeni. Sinapsi ya mwisho aliyoitoa iliitika tangu asubuhi mpaka taa za nje zikawashwa, na haikufa. Ni yeye aliyeizima, kwa sababu watu walitaka kwenda nyumbani.

Shangazi, kwa niaba ya kituo, ya wapasuaji uliowafundisha, na ya wale ambao bado wanasikia sauti yako begani, nakushukuru. Swali lako halijajibiwa. Atakayelijibu atatumia mrija wako, na atapaswa kusema hivyo.

Kwenu mtakaokuwa ukumbini, nina ombi moja. Nimesikia kwamba siku hizi watu wanampa Shangazi mkono kwa uangalifu, kama wanashika kikombe chenye ufa. Mkipanga foleni ya kumuaga, acheni hayo. Ushikeni mkono wake, muubane sawasawa. Ni mzima.

Nawe, Shangazi, siku zako kuanzia kesho ni zako. Sote tunakutakia uzitumie utakavyo wewe, si atakavyo mzee yeyote.